Nota Nne Mbele

1

"Swali la kwanza," alisema Tusekile. "Unaniruhusu kuona macho yako yanatazama wapi?"

"Nakuruhusu."

"La pili. Unaniruhusu kuhifadhi nitakachoona?"

"Hifadhi."

"La tatu. Nikiona jambo ambalo sikulitafuta, nikuambie?"

Mwalimu Ambilikile alifunga kitabu chake cha nota, kidole kikiwa bado ndani ya ukurasa.

"Hapana," alisema. "Na uliandike kwa herufi kubwa, mwanangu."

Tusekile aliandika. Katika wanakwaya thelathini na wanane aliowahoji siku hiyo pale kanisani Lwangwa, Mwalimu alikuwa wa kwanza kulikataa swali la tatu. Wengine waliitikia ndiyo hata kabla halijaisha, kama mtu anayeitikia amina. Alitamani kumwuliza sababu, lakini sheria haikumruhusu.

Sheria ya Mtazamo ilikuwa na miaka sita. Kabla yake, skrini za vituo vya mafuta na rafu za maduka makubwa zilikuwa zimejifunza kufuata macho ya wateja, hata watu wa mjini wakawa wanatembea na kofia za ukingo mrefu kama warina asali. Sheria ikaja ikasema mtazamo wa mtu ni mali yake, sawa na dole gumba lake. Mwenye leseni ya kukusanya mitazamo aliuliza maswali matatu, na aliyauliza mara moja tu. Kulirudia la tatu kulikuwa kosa la kufutiwa leseni, kwa kuwa anayeuliza tena ameshasema kwamba ameona kitu.

Aliisimamisha simu kwenye kishikio chake mbele ya Mwalimu. Ilikuwa simu ya kawaida, tena mtumba, yenye ufa kwenye kona. Ukurasa wa nota ulijitokeza kwenye kioo.

"Imba tu kama kawaida yako," alisema.

Mwalimu alitafuta "do" kooni, akaipata, akaanza. Alikuwa na miaka sitini na minne na sauti ya besi iliyofanya madirisha yajibu. Kwenye kompyuta ya Tusekile nukta nyekundu ilitembea juu ya nota ikionyesha jicho lilipo, na mstari wa buluu ukaonyesha sauti ilipofika. Nyekundu ilikuwa mbele. Sauti ilipokuwa kwenye "fa", jicho lilikwishavuka "so" na "la", likafika "ti", likaanza kuchungulia "do" ya juu.

"Mwalimu, macho yako yanaitangulia sauti kwa nota nne!"

"Sasa wewe ukitembea, unatazama kidole gumba cha mguu?"

Wanakwaya wakacheka. Kando ya mimbari, kwenye kiti cha magurudumu, alicheka pia Tupokigwe, mjukuu wa Mwalimu, mwenye miaka tisa. Kwa ajili yake babu alikuwa amewashawishi wanakwaya wote watoe macho yao. Tupoki alizaliwa na mtindio wa ubongo. Alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu, lakini mikono na ulimi havikumtii. Macho yalimtii.

Mashine za kuzungumza kwa macho zilikuwapo miaka mingi, zikitumia taa maalumu zisizoonekana na bei ya gari dogo. Shirika la Tusekile kule Mbeya lilitengeneza programu iliyoitwa Chaguo, ya kutumia kamera ya simu tu. Kamera ya simu haijui mtu anatazama wapi. Inaona picha ya uso, basi. Kilichobaki ni kubahatisha, na mashine hujifunza kubahatisha vizuri kwa kuonyeshwa mifano maelfu kwa maelfu: uso huu, macho haya, alikuwa anatazama hapa. Tatizo ni kwamba mifano ilikuwa imetoka nchi za mbali. Ikiletewa macho meusi ndani ya jengo lenye ukungu mlangoni, mashine ilishindwa kutofautisha mboni na weusi unaoizunguka. Siku hiyo Tupoki alipoitazama picha ya maji, nukta iliruka ikatua ukutani, juu ya kalenda.

"Itajifunza," Tusekile alimwambia.

Kwaya ilifaa kwa kazi hiyo. Siku hiyo macho ya waimbaji yalisomwa pia na mashine ya bei ghali ya kuazima, iliyowekwa kando ya simu ili kuisahihisha. Anayeimba kwa nota anatoboa siri mbili kwa wakati mmoja: sauti inasema yuko wapi, na jicho linasema anakwenda wapi.

2

Ilipita miezi kumi na minne. Tusekile alirudi Lwangwa kupima kama mashine imejifunza, akafikia katika chumba cha wageni cha zahanati. Ilikuwa imejifunza kweli. Zamani ilikosea kwa upana wa kiganja, na sasa ilikosea kwa upana wa vidole viwili, hata mvua ikinyesha na taa imezimika. Aliwaimbisha wanakwaya walewale wimbo uleule, akaketi asubuhi iliyofuata kulinganisha rekodi za sasa na za mwaka uliopita.

Sauti ya pili, nota tatu mbele, kama mwaka jana. Sauti ya tatu, nota tatu na nusu. Mwalimu Ambilikile, nota moja.

Alidhani mashine imekosea. Akairudisha rekodi nyuma, akaitazama polepole. Jicho lilifika kwenye nota pamoja na sauti, likasita. Likarudi kwenye nota iliyokwisha kuimbwa, kama mtu aliyetoka nyumbani akakumbuka hajafunga mlango. Likasonga tena, likarudi tena. Na sauti haikukosea hata mara moja. Ndipo Tusekile alipotambua kilichokuwa kinatokea. Mwalimu alikuwa anaimba kwa kumbukumbu, na macho yanajifanya yanasoma.

Hakutaka kuamini haraka. Mchana alibadilisha simu. Kesho yake alibadilisha mahali pa dirisha, akamwomba Mwalimu aimbe wimbo mwingine, kisha akawapima tena akina mama watatu wa rika lake ili aone kama ni uzee tu. Haukuwa uzee. Udadisi ulimvuta hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata tone la maji ajue paa limevuja wapi, na alipofika kwenye tundu lenyewe alitamani asingeinua kichwa.

Alipiga simu Mbeya kwa bosi wake, Daktari Kasyupa.

"Unajua hospitali wanapimaje ugonjwa wa kusahau siku hizi?" alisema Kasyupa baada ya kumsikiliza. "Dakika kumi, mgonjwa anafuata nukta kwa macho. Wanatafuta hichohicho ulichokiona."

"Na dawa ipo, Daktari."

"Ipo. Hairudishi kilichopotea. Inapunguza mwendo, tena ikianzwa mapema."

"Basi nimwambie."

"Alijibuje swali la tatu?"

Tusekile alimsomea alichokiandika mwaka jana: HAPANA.

"Usimwambie," alisema Kasyupa. "Usimwambie mkewe. Na usimnyamazie kwa namna ya kumwambia. Tukifutiwa leseni, kuna watoto mia nne wanaosubiri simu hizi, na huyo mjukuu wake ni mmoja wao. Nasikitika, dada. Mimi ningeliwaza kama wewe."

3

Mama Ikupa, mke wa Mwalimu, alikuwa anamenya ndizi za mbalaga uani. Tupoki alikaa karibu naye akitazama maganda yakianguka kwenye beseni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo, pana mkeka." Aliendelea kumenya. "Umempima mzee mara tatu wiki hii. Wengine mara moja."

"Naijaribu mashine, mama."

"Mashine." Kisu kilisimama. "Juzi alitoka kwenda kwa fundi viatu. Akarudi na viatu vilevile mkononi, havijashonwa, akaniambia fundi amefunga. Fundi alikuwa amekaa kibarazani kwake, mwanangu. Namwona kutoka hapa nilipo."

Tusekile alitazama chini.

"Sikuulizi wewe kama mtu wa ofisi," alisema Mama Ikupa. "Nakuuliza kama mtoto wa hapa Busokelo. Umeona nini?"

"Mama, sheria inanikataza kusema nilichoona. Na kama sijaona kitu, inanikataza kusema kwamba sijaona. Angekuja mwingine yeyote, jibu langu lingekuwa hilohilo."

Mama Ikupa alimkazia macho. Kisha akainama akaendelea kumenya, lakini sasa alikata ganda pamoja na nyama ya ndizi, vipande vinene, ovyo. "Sheria," alisema. "Nani aliitunga? Alikuwa na mume?"

Njiani kurudi zahanati, Tusekile alitembea na maneno hayo. Alikumbuka kifungu kimoja. Maswali matatu yasirudiwe, *isipokuwa chombo chenyewe kimebadilika*. Ukiwa na chombo kipya, unaomba ruhusa upya, kwa kila mtu.

Chombo hakikuwa kimebadilika. Lakini yeye alikuwa ndiye fundi wake.

4

Alifanya kazi siku tano. Alichokitengeneza kilikuwa kipya kweli, kwa maana hakutaka kujidanganya. Katika toleo hilo, hata ruhusa ilitolewa kwa macho. Swali lilijitokeza kwenye kioo, chini yake visanduku viwili, NDIYO na HAPANA. Jicho likitulia juu ya kisanduku kwa sekunde moja na nusu, jibu limeandikwa. Hivyo mtoto kama Tupoki angeweza kujibu maswali matatu mwenyewe badala ya kujibiwa na wakubwa. Kasyupa alilisoma toleo hilo akalipitisha. Hakuuliza limezaliwa na nini, na Tusekile alishukuru kwa kutoulizwa.

Jumamosi aliwaita wanakwaya wote. Walipita mmoja mmoja, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwalimu aliingia wa mwisho. Alivuta kiti, akakaa mbele ya simu, akatabasamu.

"Umewauliza watu thelathini na saba ili uniulize mimi."

Tusekile aliisawazisha simu kwenye kishikio. "Toleo ni jipya, Mwalimu."

"Sikatai. Haya, washa."

Swali la kwanza lilikuja. Jicho la Mwalimu lilikwenda NDIYO, na mdomo ukasema ndiyo. La pili vilevile. Kisha la tatu.

Kwenye kompyuta yake, ambayo Mwalimu hakuweza kuiona kutoka pale alipokaa, Tusekile aliiona nukta nyekundu ikishuka kutoka kwenye swali. Ilikwenda moja kwa moja kwenye NDIYO. Ikatua. Haikutetema wala kutangatanga kama ilivyofanya kwenye nota. Sekunde moja. Moja na nusu. Kisanduku kikageuka kijani na mashine ikaandika: *Mhusika ameridhia kuambiwa.*

"Hapana," alisema Mwalimu Ambilikile.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Tusekile aliisoma tena ile sentensi. Alikuwa na idhini mbele yake, imeandikwa na chombo kilichopitishwa kisheria, yenye saa na tarehe. Angeweza kufungua mdomo sasa hivi na hakuna baraza ambalo lingemgusa. Kwa miaka mitatu alikuwa amezunguka wilaya kwa wilaya akiwaambia wazazi: macho ya mtoto wako ndiyo mdomo wake, yaaminini. Kama macho ni mdomo kwa Tupoki, kwa nini yasiwe mdomo kwa babu yake? Na huenda jicho ndilo lililosema kweli, na ulimi ulikuwa unaogopa.

Huenda. Au jicho lilitazama NDIYO kama mtu anavyotazama shimo, ili asilikanyage.

Ungo wa kupepeta hilo hakuwa nao. Alikuwa na mtu mzima mbele yake aliyesema neno moja kwa sauti ya besi.

Aliifunga kompyuta.

"Nimesikia, Mwalimu. Hapana."

Mwalimu aliitazama kompyuta iliyofungwa. "Na macho yangu yalisema nini?"

"Yalitazama tu. Aliyesema ni wewe."

Mzee aliegemea kiti. Alionekana kama aliyetua mzigo, japo sio wote. "Dada yangu Lugano," alianza, "aliambiwa siku ya Jumatatu. Na hospitali, kwa kipimo chenu hikihiki. Jumanne wakamnyang'anya kisu cha kumenyea ndizi. Jumatano wakaacha kumwuliza kama chumvi imetosha. Ijumaa mwanawe aliita watu waje waagane naye, naye yuko mlangoni anawakaribisha kwa majina, kila mtu na jina lake. Hakuwa ameugua zaidi ya alivyokuwa Jumapili, mwanangu. Ila tangu Jumatatu hakuna aliyezungumza naye. Walizungumza na ugonjwa."

"Pole, Mwalimu."

"Mimi najua ninachojua. Nani ataniambia mimi kuhusu nota? Nazitazama zinanikimbia." Alikunja vidole, akavikunjua. "Lakini kujua ni kwangu. Nikishaambiwa, ni kwa kila mtu. Tamasha la kwaya kule Tukuyu ni mwezi wa nane. Nataka nifike pale nikiwa mwalimu wa kwaya."

Tusekile aliipima sentensi yake neno kwa neno kabla ya kuitoa. "Mwalimu, kuna jambo ninalowaambia watu wote, hata kwenye mikutano ya hadhara. Siku hizi ipo dawa inayopunguza mwendo wa ugonjwa wa kusahau. Hairudishi. Na kila mwezi unaopita bila dawa, haulipwi. Nalisema kwa watu wote."

"Mkutano wa hadhara wa mtu mmoja," alisema Mwalimu. Hakucheka. Alisimama, akachukua kitabu chake, akatoka kwenye mvua bila kujifunika kichwa.

Alipobaki peke yake Tusekile alifungua kompyuta, akaandika kwenye rekodi: *Jibu la mdomo ni hapana. Jibu la mashine lifutwe. Chombo kimekosea.* Kisha akampigia Kasyupa akamwambia toleo jipya haliwezi kutumika.

"Lilikosea nini?"

"Linadhani kutazama ni kuchagua."

5

Ilimchukua miezi mitatu kulirekebisha toleo hilo. Mtazamo wa kwanza sasa haukuhesabiwa. Jicho lingeweza kuzurura juu ya kioo lipendavyo, likapima neno hili, likaogopa lile, likarudi. Neno liliandikwa pale tu mtu alipolitazama kisha akashuka kwa makusudi kwenye kisanduku cha chini kilichoandikwa THIBITISHA. Kasyupa alilalamika kwamba imekuwa polepole. Watoto watachoka, alisema. Tusekile alijibu kwamba hata wanaosema kwa ulimi humeza mate kwanza.

Mwezi wa nane kwaya ya Lwangwa iliimba Tukuyu, ikashika nafasi ya tatu. Wiki iliyofuata Mama Ikupa alipiga simu.

"Amekwenda," alisema. "Mwenyewe. Aliniamsha alfajiri akaniambia, vaa, tunakwenda Mbeya. Alimwuliza daktari yeye, kwa kinywa chake."

"Na daktari?"

"Dawa ameanza." Kuku walisikika kwa mbali. "Daktari anasema tungefika kabla ya mvua za masika, tungeokoa zaidi. Sikulaumu, mwanangu. Nimekuambia tu ujue."

Tusekile alishukuru, akakata simu, akatoka nje ya ofisi akasimama kibarazani. Kuanzia ile Jumamosi ya mvua hadi siku hiyo ilikuwa miezi mitano. Aliihesabu mara mbili. Angeweza kuzuia miezi ile isipotee kwa sentensi moja, na ingekuwa sentensi ya kweli. Alikaa na jambo hilo siku nyingi, na hakupata siku ambayo liliacha kumuuma. Wala hakupata siku ambayo alitamani kuwa amesema.

Mwezi wa kumi alipanda tena Lwangwa, akiwa na simu ya Tupoki ndani ya kisanduku. Aliifunga kwenye kiti cha magurudumu kwa bomba jembamba la chuma, akaishusha hadi usawa wa uso. Tupoki alifuata nukta tisa za kuipimia, moja baada ya nyingine, akiwa amekunja uso kama mhasibu. Ubao wa maneno ukafunguka.

Walianza na mambo madogo. Maji? Ndiyo. Jua linakuumiza? Hapana. Mama Ikupa alipiga vigelegele kila simu iliposema, hata Tupoki akawa anacheka katikati ya kazi na nukta ikapotea.

Mwalimu Ambilikile alitoka ndani akijifunga vifungo vya koti. Alikuwa amekonda kidogo. Alimsalimu Tusekile kwa jina lake, bila kusita, kisha akamgeukia mjukuu.

"Haya, mke wangu mdogo," alisema. "Sasa unaweza kuniambia mwenyewe. Nikuimbie ule wetu wa kila jioni?"

Alikuwa amemwimbia wimbo huo tangu alipozaliwa, kila jua likizama, beti zote nne. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kuanza.

Nukta ilikwenda NDIYO. Mama Ikupa alikwisha kuinua mikono apige makofi. Tusekile alimshika mkono taratibu, akautelemsha. Nukta ilikaa pale, ikasogea, ikatoka nje ya kioo Tupoki alipomtazama babu, ikarudi. Ikapita katikati. Ikafika HAPANA, ikatulia. Wote watatu walisubiri. Ilishuka chini hadi THIBITISHA.

"Hapana," simu ikasema.

Mwalimu alibaki na pumzi yake kifuani. "Hapana?" alisema. "Huupendi? Tangu lini?"

Nukta ilipanda, ikatafuta mstari kwa mstari, ikachukua muda wake.

"Zamani," simu ikasema.

Mama Ikupa aliziba mdomo kwa kanga. Mwalimu alimtazama mjukuu wake, akaitazama simu, akamtazama mjukuu tena, na kicheko kilichomtoka kilikuwa cha besi, kikubwa, hadi akalazimika kushika ukuta. Alifuta macho kwa kiganja. Kisha akavuta kigoda, akakaa mahali ambapo angeweza kuuona ubao vizuri.

"Basi wewe utaje," alisema. "Wimbo gani?"

Na akasubiri.